Kuukunjua waraka mbele za Bwana: mwongozo kamili wa kumtumaini Mungu siku ya taabu

Mwaka 701 kabla ya Kristo, Hezekia mfalme wa Yuda alipokea barua ya vitisho. Aliyeituma ni Senakeribu, mfalme wa Ashuru, na maana yake ilikuwa hii: huyo Mungu unayemtumaini asikudanganye, mji wako nitauteka kama nilivyoiteka mingine. Wala hayakuwa majigambo matupu. Kumbukumbu za Senakeribu mwenyewe, zilizoandikwa kwenye udongo uliochomwa na ambazo nakala zake zimehifadhiwa London, Chicago na Yerusalemu, zinasema aliteka miji 46 ya Yuda yenye maboma, akamfungia Hezekia mjini mwake kama ndege kwenye tundu.

Nimeifanya habari hii kuwa msingi wa mwongozo huu kwa sababu Biblia inaisimulia mara tatu: 2 Wafalme 18 hadi 20, Isaya 36 hadi 39, na 2 Nyakati 32. Ukizisoma kwa pamoja unamwona mtu aliyebanwa kila upande akifanya hili, kisha lile, kisha jingine. Sisi tukidaiwa, tukifiwa au tukipewa majibu mabaya hospitali, watu hutuambia "mtumaini Mungu", wanamaliza chai yao, wanaondoka. Ushauri ni wa kweli lakini haukuambii uanzie wapi. Hezekia alimtumaini Mungu kwa mikono, kwa miguu, kwa mdomo, na mara moja kwa kunyamaza kimya. Karibu yote aliyoyafanya unaweza kuyafanya leo ukiwa Manzese, Eldoret au Bukavu.

Kwanza kabisa: kama hatari iko mlangoni sasa hivi

Kama maji yameshaingia ndani, kama mtu ameshika panga, kama mtoto anapumua kwa shida, acha kusoma uondoke. Nenda kwa jirani, kwa mjumbe wa mtaa, kituo cha afya. Mwanamke anayepigwa nyumbani asiambiwe avumilie huku akiomba. Tanzania vituo vingi vya polisi vina dawati la jinsia na watoto, na kwa mtoto aliye hatarini kuna namba 116, Tanzania na Kenya pia.

Kukimbia si kukosa imani. Zaburi ya 3 ina kichwa kinachosema Daudi aliitunga alipomkimbia Absalomu mwanawe. Yaani yule anayesema "Wewe, BWANA, u ngao yangu pande zote" alikuwa ameshatoka mjini, tena kwa miguu. Nehemia naye alipotishwa wakati wa kujenga ukuta aliandika sentensi moja yenye mambo mawili: walimwomba Mungu wao, na wakaweka walinzi mchana na usiku. Hakuona haja ya kueleza ni lipi kati ya hayo lililokuwa la kiroho zaidi.

Hatua ya 1: Shughulikia maji yako

Kabla Waashuri hawajafika, Hezekia alikaa na wakuu wake wakapanga. Waliziba chemchemi za nje ya mji ili adui asipate maji, wakajenga ukuta uliobomoka, wakatengeneza silaha na ngao. Kisha ule mfereji. Ni shimo lililopasuliwa ndani ya mwamba, urefu wa mita 533 hivi, kupeleka maji ya chemchemi ya Gihoni hadi birika la Siloamu lililokuwa ndani ya kuta. Makundi mawili ya wachimbaji yalianza kila moja upande wake, wakakutana katikati. Maandishi waliyoyaacha ukutani humo yaligunduliwa mwaka 1880, na wageni wanaokwenda Yerusalemu hupita kwenye mfereji huo hadi leo, maji yakiwafika magotini.

Ni baada ya kazi hiyo ndipo alipowakusanya watu akawaambia kwamba kwa adui upo mkono wa mwili, "ila kwetu yupo BWANA, Mungu wetu, atusaidie". Mahubiri yake yalikuja mikono ikiwa na vumbi.

Kwa hiyo chukua daftari, gawa ukurasa mara mbili. Upande mmoja andika yaliyo mkononi mwako, upande wa pili yasiyo mkononi mwako. Tuchukue mama mwenye genge la mboga aliyekopa laki tatu kwa wale wa kausha damu, wakopeshaji wa mtaani wenye riba kali. Wameshika kadi yake ya benki, marejesho ni kila wiki, na wiki mbili sasa hajapeleka. Yaliyo mkononi mwake: kujua deni limefika kiasi gani leo, si kwa kukisia; kutafuta mkataba aliosaini na kuusoma, au kumpa mwanawe wa sekondari amsomee; kumuuliza mkopeshaji leseni yake, maana kwa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 anayekopesha kibiashara Tanzania lazima awe nayo; kwenda ofisi ya serikali ya mtaa kabla hawajaja kubeba friji; kumweleza mumewe. Hilo la mwisho wengi huliandika kisha wanalifuta. Yasiyo mkononi mwake: moyo wa mkopeshaji, wateja watakaokuja kesho, bei ya nyanya.

Upande wa kwanza ni kazi yako. Upande wa pili ndio utakaoupeleka kwa Mungu, na usichanganye. Kumwomba Mungu akusomee mkataba ni uvivu. Kukesha ukihesabu wateja wa kesho ni kubeba mzigo usiokuhusu.

Kwa ugonjwa ni vilevile. Hezekia huyuhuyu aliugua karibu ya kufa, akalia, akaomba, na Isaya akamletea neno kwamba ameongezewa miaka 15. Kisha nabii akasema leteni mkate wa tini, wakauweka juu ya jipu, akapona. Ahadi ilikuwa imeshatolewa na dawa ikapakwa vilevile. Anayekuambia uache vidonge vya presha au vya kufubaza virusi ili imani yako ionekane, mwulize habari ya zile tini.

Hapa kuna mtego mmoja ambao Hezekia mwenyewe aliuingia. Hofu ilipomzidi alimtumia Senakeribu ujumbe kwamba atalipa chochote atakachotozwa. Akatozwa talanta 300 za fedha na talanta 30 za dhahabu. Alitoa fedha yote iliyokuwemo hekaluni na ikulu, akabandua hata dhahabu ya milango ya hekalu. Jeshi likaja vilevile. Anayekutisha hatosheki na malipo ya kwanza. Kwa hiyo usikope kwa huyu ili kumlipa yule, usimtumie pesa tapeli anayesema ana picha zako, na usimpelekee mganga mbuzi wa pili kwa kuwa wa kwanza hakutosha.

Hatua ya 2: Chunga masikio yako

Senakeribu alimtuma amiri wake mpaka chini ya ukuta wa Yerusalemu. Hakuanza kwa mishale, alianza kwa maneno. Wakuu wa Hezekia walimsihi azungumze nao kwa Kiaramu, lugha ya wenye madaraka, lakini yeye akapaza sauti kwa lugha ya watu wa kawaida ili kila aliyeketi ukutani asikie. Akawaambia watakula na kunywa vya aibu. Akawauliza ni mungu gani aliyewahi kuokoa nchi yake na mkono wa Ashuru. Akasema hata Bwana ndiye aliyemtuma. Kipande cha kweli, kipande cha uongo, na jina la Mungu juu yake.

Amri ya mfalme kwa watu ilikuwa fupi: "Msimjibu." Wakanyamaza.

Siku za taabu amiri anakuja kwenye simu. Sauti imerekodiwa, imesambazwa kwenye kundi la familia, hujui nani kaisema wala lini: kuna machafuko mtaa fulani, kuna ugonjwa mpya, mtumishi ameota nchi inaungua. Fanya hivi. Toka kwenye makundi yanayoleta hofu, au yanyamazishe kwa muda. Chagua chanzo kimoja cha habari unachokiamini na saa moja ya siku ya kukisikiliza. Usisambaze chochote usichoweza kumtaja aliyekisema. Usibishane na anayekutisha; kama ni deni au kesi, jibu kwa maandishi, mara moja, kwa adabu, na mazungumzo mengine yapite kwa mwenyekiti wa mtaa au wakili.

Kuna amiri mwingine ambaye hana simu: yule wa ndani, anayeanza saa nane usiku. Huyu nitamrudia.

Hatua ya 3: Tuma watu kwa Isaya

Hezekia alirarua mavazi yake, akavaa gunia, akaingia nyumba ya Bwana. Wakati huohuo aliwatuma Eliakimu, Shebna na wazee wa makuhani kwa Isaya wakiwa nao wamevaa magunia, na ujumbe waliopeleka haukupambwa: siku hii ni ya taabu, watoto wamefika kuzaliwa na nguvu za kuwazaa hakuna. Mfalme alikiri mbele ya watu kwamba ameishiwa.

Kwetu hili ni gumu kuliko kufunga siku tatu. Tunaomba kanisani "mniombee, nina jambo langu", na jambo lenyewe tunakwenda nalo kaburini. Tafuta watu wawili au watatu uwaambie jambo lenyewe kwa jina lake. Awe mzee wa kanisa, katekista, mwenyekiti wa jumuiya, shangazi, rafiki wa shule. Sifa zake ni chache: habari za wengine hujazisikia kutoka kwake, hakuchaji, na anaweza kukuambia "hapa umekosea" bila kukudharau.

Kuhusu kuchaji sitazunguka. Mtu akikuambia Mungu atakulinda ukinunua maji yake, mafuta yake, kitambaa chake au ukipanda mbegu ya kiasi fulani, umekutana na mfanyabiashara. Isaya alipeleka jibu bila ankara.

Na usikubali kikao cha kutafuta nani kakuroga. Hicho kikao huanza na hofu moja na huisha na jirani au bibi kizee akiwa hatarini kwa jambo asilolijua. Katika sura zote hizi Hezekia hakuulizia mchawi hata mara moja. Adui alikuwa na jina, na jeshi lake lilionekana.

Jibu la kwanza la Isaya lilikuwa "Usiyaogope maneno hayo uliyoyasikia". Jeshi lilikuwa bado lipo.

Hatua ya 4: Ukunjue waraka

Sasa inafika ile barua. Hezekia akaipokea kwa wajumbe, akaisoma, akapanda nyumba ya Bwana, akaikunjua mbele za Bwana. Ni tendo la ajabu kidogo, kana kwamba Mungu hajui kusoma mpaka karatasi inyooshwe. Lakini mtu anayeogopa ana mawazo mia yanayozunguka, na karatasi ni moja, ina mwanzo na mwisho.

Ifanye hivihivi. Kwanza, chukua kitu chenyewe: majibu ya maabara, hati ya wito wa mahakama, barua ya benki, matokeo ya mtihani, ujumbe ulioko kwenye simu. Kama taabu yako haina karatasi, iandike mwenyewe kwa mistari isiyozidi mitano. Pili, isome mpaka mwisho, kwa sauti. Wengi wetu tumeweka bahasha juu ya kabati wiki nzima na kila tukiipita tumbo linauma. Ukiisoma hofu inapata mipaka. Tatu, iweke mahali palipo wazi, juu ya meza, kitandani, kwenye mkeka, uweke mikono pembeni yake. Usiishike. Nne, omba.

Kama maneno hayaji, fuata njia ya sala ya Hezekia katika 2 Wafalme 19:15 hadi 19. Anaanza na Mungu ni nani: aliyeziumba mbingu na nchi, Mungu wa falme zote. Kisha anamwomba atege sikio asikie, afumbue macho aone. Halafu inakuja sehemu ninayoipenda kuliko zote: "Ni kweli, BWANA", wafalme wa Ashuru wameyaharibu mataifa. Hapunguzi kitu. Siku hizi kuna mafundisho kwamba ukiutaja ugonjwa umeukiri, ukilitaja deni umelivuta. Hezekia alilitaja lake ndani ya hekalu, na sala ikasikiwa. Ndipo anaomba jambo moja, "utuokoe", na anamalizia na sababu iliyo kubwa kuliko yeye: falme zote zijue kwamba Bwana ndiye Mungu, yeye peke yake.

Yule mama wa genge angeweza kuomba hivi, mkataba ukiwa mezani:

"Ee Bwana uliyeumba mbingu na nchi, hakuna aliye juu yako, hata huyu anayenipigia simu kila alfajiri. Sikia. Tazama karatasi hii. Ni kweli nimekopa, na ni kweli sina. Wamesema Jumamosi wanakuja kuchukua friji na cherehani. Nitoe hapa. Nipe njia ya kulipa bila kuwanyang'anya wanangu chakula, na nipe ujasiri nimwambie baba yao leo. Wanangu waone kwamba wewe ndiwe Mungu. Amina."

Haizidi dakika moja. Ukimaliza, ikunje karatasi uiweke ndani ya Biblia au kwenye droo. Hofu ikirudi saa mbili baadaye, na itarudi, usianze maombezi mapya ya nusu saa. Sema tu, "Bwana, karatasi iko kwako", kisha endelea na kazi iliyopo kwenye upande wa kwanza wa daftari. Kesho asubuhi ikunjue tena.

Paulo aliyewaandikia Wafilipi alikuwa kwenye minyororo, na alichoahidi ni kwamba mtu akipeleka haja zake kwa Mungu kwa kusali, kuomba na kushukuru, amani ya Mungu ipitayo akili zote itauhifadhi moyo wake. Katika ahadi hiyo hakutaja kufunguliwa. Amani hiyo huja mtu akiwa bado ndani, kwa hiyo usipime sala yako kwa kuangalia kama simu za wadai zimekoma.

Hatua ya 5: Saa nane usiku

Mchana una kazi na watu. Usiku mtu anabaki na dari. Hapa ndipo maneno ya kukariri yanapofaa, maana kichwa kilichochoka hakiwezi kutunga sala.

Chagua mstari mmoja kwa wiki nzima, usizidishe. Kama shida yako ni kupata usingizi, Zaburi 4:8: "Katika amani nitajilaza na kupata usingizi mara, maana Wewe, BWANA, peke yako, ndiwe unijaliaye kukaa salama." Kama unashtuka usingizini, Zaburi 3:5: "Nalijilaza nikalala usingizi, nikaamka, kwa kuwa BWANA ananitegemeza." Kama unalala macho ukisikiliza geti, Zaburi 121, ule mstari kwamba mlinzi wa Israeli hatasinzia wala hatalala usingizi. Lindo lina mwenyewe. Wewe hukupangiwa zamu. Na kama hofu imekujaa hata mstari mrefu haukai, Zaburi 56:3 ina maneno sita: "Siku ya hofu yangu nitakutumaini Wewe"; ukiondoa siku na hofu inabaki "nitakutumaini Wewe", na hilo linatosha kwa pumzi moja.

Simu ilale chumba kingine, au angalau mbali na mkono. Sema mstari kwa sauti ya chini, polepole, ukiachia pumzi ndefu mwishoni. Ukiamka usiku, rudia huohuo. Likikujia jambo la kufanya, liandike kwenye daftari upande wake, ulale. Aliye na mwenzi amwombe amwekee mkono begani na kuusema pamoja naye. Sauti ya mtu mwingine gizani ina nguvu yake.

Wiki mbili tatu zikipita hulali, huli, au umeanza kuwaza kufa, mwambie mtu leo hii na uende hospitali. Eliya, nabii aliyekuwa ameshusha moto, alikaa chini ya mretemu akaomba afe. Malaika hakumhubiria. Alimgusa akamwambia inuka ule, akakuta mkate na gudulia la maji, akala, akalala tena, akaamshwa akala tena. Mazungumzo na Mungu yalikuja baadaye sana, baada ya mwendo wa siku 40.

Hatua ya 6: Zaburi 91 na watu wa Lakishi

Hii siyo hatua unayoifanya, ni jambo la kulijua kabla halijakukuta.

Zaburi 91 ndiyo tunayoikimbilia wengi, na ni haki yake. "Aketiye mahali pa siri pake Aliye juu atakaa katika uvuli wake Mwenyezi." Lakini ndiyo zaburi ambayo shetani aliichagua alipomjaribu Yesu: jitupe chini, malaika watakuchukua. Yesu akamjibu, usimjaribu Bwana Mungu wako. Basi lililoandikwa Zaburi 91 kwenye kioo cha nyuma, breki mbovu, mwendo mia na ishirini kwenye mteremko, linahubiri upande wa yule wa kwanza. Biblia iliyofunguliwa na kuwekwa chini ya mto bila kusomwa haina tofauti na hirizi. Watu wa Yerusalemu walikuja kuangukia hapo: karne moja baada ya Hezekia walikuwa wakijituliza kwa kurudia "Hekalu la BWANA, hekalu la BWANA" huku wakionea mgeni, yatima na mjane. Yeremia aliwaambia maneno hayo ni ya uongo. Mwaka 586 kabla ya Kristo mji ukaanguka, hekalu likachomwa.

Isome zaburi hiyo mpaka mstari wa 15, ambao haubandikwi sana kwenye magari: "Nitakuwa pamoja naye taabuni." Ndani ya taabu, kwa hiyo.

Tena kuna Lakishi. Usiku ule malaika alipolipiga jeshi la Ashuru, watu 185,000, Yerusalemu uliokolewa. Lakishi, mji wa pili kwa umuhimu, ulikuwa umeshatekwa. Senakeribu aliufurahia ushindi huo hata akauchonga kwenye kuta za ikulu yake Ninawi, na mawe hayo sasa yapo kwenye jumba la makumbusho la Uingereza huko London. Unaona wanaume waliotundikwa kwenye miti. Unaona familia zikienda uhamishoni, watoto wamepakiwa juu ya mkokoteni, mama amebeba furushi begani. Walikuwa Wayuda vilevile, wakimwomba Mungu yuleyule, na katika sura hizi hakuna mahali panaposema imani yao ilikuwa haba.

Kwa hiyo mtu akifiwa baada ya maombi mengi, usimwambie hakuamini vya kutosha. Usimwambie Mungu amempenda zaidi marehemu. Mletee maji ya kuoga, unga, mtu wa kukaa na watoto. Na kama aliyefiwa ni wewe, huna lazima ya kuimba zaburi za ushindi. Ipo ya 13, inayoanza kwa kuuliza "hata lini". Ipo ya 88, ambayo inaanza kwa kilio na inaisha gizani, na waliokusanya zaburi waliiacha hivyohivyo. Vijana watatu waliosimama mbele ya tanuru la Nebukadreza walijua kwamba Mungu aweza kuwaokoa, kisha wakaongeza "bali kama si hivyo", hawataiabudu ile sanamu. Nafasi ya kuongeza maneno hayo na wewe unayo.

Hatua ya 7: Hesabu miaka mitatu

Tukisimulia habari hii kanisani tunaishia kwa malaika. Isaya hakuishia hapo. Alimpa Hezekia ishara kwamba mwaka ule watu watakula mimea iliyojiotea yenyewe, mwaka wa pili hivyohivyo, na mwaka wa tatu ndipo watapanda na kuvuna na kupanda mizabibu. Mashamba yalikuwa yamekanyagwa na jeshi. Adui ameondoka usiku mmoja, chakula kimerudi baada ya misimu.

Jipangie hivyo. Mgonjwa aliyetoka wodini atachoka kwa miezi. Nyumba iliyopona mafuriko itanuka tope na mtoto atalia kila mvua ikinyesha. Aliyeachishwa kazi akapata nyingine ataendelea kushtuka bosi akimwita. Usione aibu, wala usidhani sala imerudi nyuma. Mwaka wa kula vilivyojiotea, kula hivyo: punguza matumizi, kataa michango usiyoiweza, usianzishe ujenzi.

Jumba la hazina nalo usilifungue ovyo. Hezekia alipopona, wajumbe wa Babeli walikuja na zawadi, naye akawaonyesha fedha, dhahabu, marashi, silaha, hakuacha kitu. Isaya aliposikia alimwambia vyote vitakuja kuchukuliwa Babeli. Anayetangaza mtandaoni kwamba fidia yake imetoka au kesi ya kiwanja ameshinda, atapata ndugu wapya kabla ya jioni.

Ushuhuda utoe, lakini ujiandae. Omba ruhusa kwa waliomo kwenye habari yako, hasa mwenzi na watoto. Sema dakika tano. Taja daktari, taja kikoba kilichokuchangia, taja mjumbe aliyezuia friji isibebwe, maana hao walichimba mfereji na wewe ukanywa maji. Kabla ya kushika kipaza sauti, angalia ni nani aliyeketi mbele yako; kwenye kila ibada kuna mtu wa Lakishi, na maneno kama "Mungu hawezi kumwacha anayemwamini afiwe" yatamchoma mpaka nyumbani. Sadaka ya shukrani ipeleke Jumapili. Jirani aliyekukopesha nauli ya bodaboda usiku ule mlipe Jumamosi.